KASRI, VIAZI NA KADI YA GARI: BATA LA UJERUMANI LILIVYOINGIA MCHANGA

Mwezi wa sita mashabiki wa msanii mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni, ila ni yule wa hit moja iliyopigwa hadi kwenye bajaji) walikuwa wanaamka na picha tu. Leo yuko mbele ya ngome, kesho yuko bustanini, na pembeni yake mchumba wake, bibie mwenye saluni Sinza na IST nyeupe aliyoinunua kwa hela ya kusuka watu nywele. Kapsheni ni ile ile kila siku: "Tour ya Ulaya". Shoo yenyewe hakuna aliyeiona, maana haikuwepo.

Walitua Frankfurt wakapanda treni hadi Heidelberg, mji wa zamani kando ya mto Neckar. Juu kilimani kuna ngome ya mawe mekundu, nusu nzima nusu gofu. Wanajeshi wa Ufaransa waliibomoa mwishoni mwa karne ya 17, halafu mwaka 1764 radi nayo ikaja kuichoma moto. Ndani kuna pipa la mvinyo la mwaka 1751 linalobeba kama lita 220,000, kubwa hadi juu yake wameweka sakafu ya kuchezea muziki. Jamaa akapanda akapiga mapozi yote anayoyajua. Bibie alihesabu picha 60 na walikuwa hawajanywa hata chai.

Munich ndiyo bibie aliipenda kuliko kote. Kuna bustani inaitwa Englischer Garten, ilianzishwa mwaka 1789, na inaizidi ukubwa hata ile Central Park ya New York. Katikati ya jiji, kwenye kimto chenye maji ya baridi ile mbaya, vijana walikuwa wanapanga foleni na mbao zao wateleze juu ya wimbi kama wako baharini. Mbele kidogo akakuta wazee wamejianika kwenye nyasi bila hata kitambaa, na hakuna anayewashangaa.

"Bebi, geuza simu huko, utatuletea kesi!"

Walicheka hadi wakakaa chini. Hiyo ndiyo siku ya mwisho waliyocheka pamoja.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Neuschwanstein, lile kasri jeupe juu ya mlima ambalo Disney walilitazama wakati wanabuni kasri lao la mrembo aliyelala. Kutoka Munich ni kama saa mbili za treni hadi Füssen, halafu basi, halafu mlima wa kupanda kwa miguu. Tiketi ina saa yake, ukichelewa imekula kwako. Na ndani hairuhusiwi kupiga picha. Hapo ndipo jamaa aliponyong'onyea. Ila kwa sababu simu ilikuwa mfukoni, kwa mara ya kwanza tangu safari ianze akasikiliza kinachosemwa.

Kumbe yule mfalme wa Bavaria, Ludwig wa Pili, alianza kulijenga mwaka 1869, na hela ilipokata akawa anakopa huku na kule, akimaliza huku anaanza kule. Mabenki yakatishia kukamata mali zake. Mwaka 1886 serikali yake yenyewe ikamtangaza kuwa ana ugonjwa wa akili, wakaja kumchukua humo humo kwenye kasri, na tarehe 13 Juni akakutwa amekufa ziwani, yeye na daktari wake. Jumla ya siku alizoishi ndani ya jumba lile ni 172 tu. Wiki saba baada ya kifo chake likafunguliwa watu waingie kwa kiingilio. Ukumbi wa kiti cha enzi umepambwa hadi juu, ila kiti chenyewe hakipo. Hakikuwahi kutengenezwa.

Bibie alimwona mwenzake anafuta jasho. Akadhani ni ule mlima.

Wakatoka, wakaenda kwenye daraja la Marienbrücke, lililoning'inia juu ya korongo. Ukisimama pale unaliona kasri lote, na kila mtu anasukumana apate nafasi. Bibie akawasha intaneti. Simu 11 za WhatsApp hazijapokelewa, zote za mdogo wake, na ujumbe mmoja: "Dada, kuna watu wapo hapa saluni wanataka gari. Wana kadi yako orijino."

Hakupiga kelele. Alimwonyesha kioo cha simu.

"Nilitaka kukwambia tukirudi," jamaa akasema.

"Shilingi ngapi?"

"Milioni 9."

"Na kwa mwezi unalipa ngapi?"

Kimya. Nyuma yao mtalii mmoja akawaomba kwa ishara wasogee, anataka kupiga picha.

Njia ya kutoka kule hadi Berlin ni kukata nchi karibu nzima. Walikaa viti tofauti.

Berlin anaishi dada wa jamaa, nesi wa wazee, ambaye hakuwa anajua lolote. Aliwapeleka Potsdam, kwenye kasri la manjano la Friedrich wa Pili na bustani yake yenye mizabibu na mitini iliyopandwa kwa ngazi hadi juu. Pembeni ya kasri ndipo alipozikwa huyo mfalme, karibu na mbwa wake, na juu ya bamba la kaburi watu wameweka viazi. Viazi mbatata kabisa, kwa sababu alihimiza wakulima walime viazi.

"Wifi, hivi Sanssouci maana yake nini?"

"Ni Kifaransa. Bila wasiwasi."

Bibie akaanza kucheka, cheko likageuka kilio hapo hapo mbele ya viazi. Ikabidi aeleze. Dada mtu akamgeukia mdogo wake, akamchamba kwa Kiswahili cha Tanga ambacho hakihitaji tusi, kisha akasema deni atalilipa yeye.

"Hapana wifi. Gari ni langu, deni ni lake. Wewe usiongeze wa tatu."

Jioni jamaa aliomba angalau picha moja ya mwisho. Wifi ndiye aliyepiga, kwenye zile ngazi, mizabibu nyuma yao. Bibie mwenyewe ndiye aliyeiposti, na kapsheni ikawa "Bila wasiwasi". Ilipata likes kuliko zote za safari, watu wakajaza mioyo, wengine wakaulizia tarehe ya harusi.

Ukiitazama vizuri, mkono wake wa kushoto, ule wa pete, ameuingiza mfukoni.