Kizuri Chajiuza?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo niliifundisha kwa miaka mingi bila kuitilia shaka, mpaka siku moja binti niliyemfundisha chuoni aliponijia nyumbani na karatasi mbili mkononi. Alikuwa ameacha ualimu na kufungua kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Singida.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Alitaka nimsahihishie taarifa aliyokusudia kuipeleka redioni na magazetini. Nikavaa miwani. Taarifa ilianza kwa salamu, ikasimulia historia ya kiwanda, ikawashukuru viongozi mbalimbali, kisha ikasema kwamba mafuta yake ni bora, safi na ya kuaminika. Kiswahili chake hakikuwa na kosa. Hata hivyo, nilipofika mwisho sikujua ni jambo gani lililotokea.

"Habari yenyewe ni ipi?" nikamwuliza.

Alinyamaza kitambo, kisha akanieleza. Vijana wake walikuwa wamenunua madumu 40 yaliyokwisha kutumika. Baadhi yake yaliwahi kubeba mafuta ya taa. Yakajazwa mafuta ya kula, yakapelekwa sokoni, na sasa minong'ono ilikuwa imeenea mji mzima. Taarifa ile ilikusudiwa kuizima minong'ono bila kuitaja.

Nilimweleza kwanza kazi ya mhariri. Mezani pake hufika taarifa nyingi, naye hutazama kichwa na aya ya kwanza tu kabla ya kuamua. Kwa hiyo aya hiyo lazima iseme nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Yaliyo mazito hutangulia na mepesi hufuata, ili mwenye nafasi ndogo aweze kukata kutoka chini bila kuiua habari. Neno kama "bora" hufutwa, maana hakuna awezaye kulihakiki; tarehe na idadi hubaki. Kauli moja ya mwenye biashara, pamoja na jina lake, yatosha. Mwishoni huandikwa namba ya simu ya mtu wa kujibu maswali, na mtu huyo awe tayari kweli kuipokea. Yote hayo yaenee ukurasa mmoja.

"Mwalimu," akasema, "nikitaja mafuta ya taa nitakuwa nimejifukuzia wateja mwenyewe."

Nikamsimulia kisa cha Marekani. Mwezi Oktoba 1906, treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kutoka darajani huko Atlantic City, na watu zaidi ya 50 wakafa. Desturi ya kampuni za reli siku hizo ilikuwa kuficha ajali. Ivy Lee, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, aliishauri kampuni itoe maelezo yake yenyewe na kuwasaidia waandishi kufika mahali pa ajali. Maelezo hayo hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari kama tunavyoijua leo. Chanzo chake, basi, kilikuwa msiba uliokubali kusemwa.

Binti alisikiliza kwa heshima, lakini niliona kuwa Atlantic City ilikuwa mbali naye. Ndipo nikamwambia jambo ambalo sikupenda kulisema. Nilipokuwa mkuu wa chuo, wanachuo wetu waliharisha kwa maji ya kisima. Nami niliandika tangazo la kurasa mbili lenye maneno mazuri kuhusu usafi wa chuo na utulivu uliokuwapo. Kisima sikukitaja. Wanakijiji waliokuwa wakichota maji pale pale waliendelea kuchota kwa siku nne, na watoto wao wawili wakalazwa. Walipona, namshukuru Mungu. Mama wa mmoja wao alinijia ofisini akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, ulikuwa unajua?" Sikuwa na aya ya kumjibu.

Binti alichukua kalamu. Tukaandika upya, na sentensi ya kwanza ikawaomba wote walionunua mafuta ya kiwanda chake wiki ile wasiyatumie, wayarudishe na kulipwa fedha zao, kwa kuwa baadhi ya madumu yaliwahi kubeba mafuta ya taa. Ya pili ikataja siku za mauzo na soko. Ya tatu ikasema kwamba tangu siku ile kiwanda kitatumia madumu mapya tu. Namba ya simu ilikuwa yake mwenyewe. Historia ya kiwanda ikabaki mistari miwili, chini kabisa.

Redio ilisoma aya ya kwanza tu, nayo ilitosha. Madumu 31 yalirudi. Alipata hasara kubwa, na wako wateja waliomhama hadi leo. Siwezi kudai kwamba ukweli ulimlipa kila senti. Lakini hakuna aliyemjia kumwuliza kama alikuwa anajua.

Methali ya wahenga siipingi. Kizuri na kijiuze. Ila kibaya kikishatoka mlangoni kwako, usikiache kijitembeze peke yake. Kitangulie wewe, ukiseme kwa jina lake.