Kansanga: Mbwa Aliyeonja Njaa na Chakula Chake

Barabara ya Ggaba huacha Nsambya, hupita Kabalagala, mtaa wenye jina moja na vile vitumbua bapa vya ndizi mbivu na unga wa muhogo, ndipo ikaingia Kansanga kabla ya kuelekea Bunga na Ziwa Viktoria. Tangu Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala kilipofunguliwa hapo mwaka 2001, Kansanga imekuwa mji wa wanafunzi na wachoma nyama. Penye walaji wengi pana mabaki mengi, na penye mabaki hapakosi mbwa asiye na mwenyewe.

Mara nyingine familia humwonea huruma mmoja wao ikamwingiza uani. Mbavu zinahesabika, macho yamezama. Mama wa nyumba humjazia sufuria ya posho, naye huimaliza kabla mtoto hajarudi na maji. Humeza bila kutafuna, jicho moja likiangalia mlango; hutapika, kisha akala alichotapika. Wengi hucheka. Lakini sufuria hiyo yaweza kumwua.

Mwili uliokaa na njaa muda mrefu huwa umezoea kujilisha mafuta na misuli yake wenyewe. Wanga unapoingia kwa wingi na kwa ghafula, madini machache yaliyobaki katika damu, hasa fosfati na potasiamu, hukimbilia ndani ya chembe za mwili. Moyo hulegea, na mnyama hufa akiwa ameshiba. Binadamu naye ni vivyo hivyo. Askari wa Kiingereza walipoingia kambi ya Bergen-Belsen tarehe 15 Aprili 1945, waliwagawia wafungwa chakula chao cha kijeshi kwa moyo mwema, na wengi wakafa kwa kukila.

Basi siku za kwanza apewe robo tu ya chakula cha mbwa wa kimo chake, kikigawanywa mara nne hadi sita mchana na usiku, na kiongezwe polepole kwa muda wa siku kumi hivi. Maji yasikose. Hapa Kansanga iko karibu na dawa yake: mukene, yaani dagaa wa ziwani, huuzwa kwa bei nafuu, nao humfaa kuliko rundo la posho. Waoshwe vizuri, kwani wengi huanikwa mchangani. Mchuzi wenye vitunguu ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa huchoma matumbo. Dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa ni kazi ya daktari wa mifugo.

Tumbo hupona upesi kuliko hofu. Mbwa huyo hunguruma mtu akikaribia sahani, na mtoto asiachwe kabisa kumwondolea chakula au kumchezea akila. Wapo pia wanaoficha. Huko Ulaya na Marekani watu hufuga mnyama mdogo wa ukoo wa kicheche, ambaye kwa asili yake hurundika nyama chini ya viti. Yule aliyeteswa na njaa huzidisha, na mara nyingi hukataa chakula asichokizoea tangu utotoni hata kikiwa bora. Mbwa wa uani hufukia mkate nyuma ya choo. Miezi hupita, manyoya yakang'aa, sahani ikaanza kubaki na masazo; na bado, usiku, mkate unafukiwa.