Ukuta Nao Hutoa Pumzi

Nyumba kongwe za Mji Mkongwe wa Unguja, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Kuta ni nene, aghalabu nusu mita au zaidi. Jua la kaskazi huzipiga tangu asubuhi, lakini joto hupenya polepole; hata likifika chumbani, jioni imeingia na madirisha yamefunguliwa kupokea upepo wa bahari.

Maji nayo yana safari yake. Hupanda kutoka ardhini kama mafuta katika utambi wa kandili, na wakati wa masika huingia kwa mvua. Chokaa haiyazuii. Huyapitisha hadi usoni mwa ukuta, yakakauka kwa upepo na kuondoka na sehemu ya joto. Ndivyo mtungi unavyoyapoza maji kwa kutoka jasho.

Bibi mmoja wa mji huo alirithi nyumba ya babu yake. Ukumbini palikuwa na doa la unyevu, kimo cha goti, na chokaa ikipukutika juu ya mikeka. Akaona haya kwa wageni. Fedha alizodunduliza akazitumia kupiga lipu ya saruji, ukuta ukang'aa, majirani wakampongeza.

Masika mawili yalipopita, doa lilikuwa limefika kifuani. Chumvi iliyoganda nyuma ya saruji iliisukuma, ikabanduka vipande vipande. Fundi mzee alipoitwa hakuutazama ukuta kwanza. Alipanda juu, akagonga kichwa cha boriti pale kilipozama ukutani. Ukamwagika unga. Juu ya boriti ile ndipo walipolala wajukuu.

"Mwanangu," alisema fundi, "maji hukuyafukuza. Umeyafungia ndani."

Usiku ule watoto walihamishiwa chumba kingine. Saruji ikabanduliwa yote, boriti zilizooza zikabadilishwa kwa fedha za mkopo, na ukuta ukaachwa uchi miezi kadhaa hadi ulipokauka. Kisha ukapakwa chokaa, tabaka nyembamba juu ya tabaka.

Doa hurudi kila masika, kimo kile kile cha goti. Bibi huwakaribisha wageni wake papo hapo, wala hasogezi kiti kulificha. Kiangazi kikifika, huondoka lenyewe.