Binti Asisafiri Kabla Hujabisha Hodi

Kibiti, Pwani

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako ulinifikia kwa mchuuzi wa kamba aliyeshuka Nyamisati. Amenieleza kwamba umekata shauri kumwachisha binti yako shule, yeye aliye darasa la sita, aende Dar es Salaam kwa kazi za ndani, kwa sababu baba yake haleti matumizi na mdogo wake amezaliwa na miguu kifundo inayohitaji fedha.

Sikulaumu. Tangu mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozamisha mpunga wa Rufiji na Kibiti, na kimbunga Hidaya kilichofuata mwezi Mei kutokea upande wa Mafia, nyumba nyingi za delta ya mto Rufiji hazijasimama sawasawa. Lakini shauri hilo nalipinga kwa nguvu zangu zote, na nina haki ya kulipinga kwa kuwa mimi ni mjomba. Mtoto wa kike akitoka kwenu kwenda kwa watu msiowajua, hakuna wa kumhesabia siku za kupumzika wala mshahara, na akidhulumiwa hana pa kukimbilia. Zaidi ya hapo, kumtoa shuleni mtoto wa umri wake ni kosa kisheria, na tangu 2016 shule ya serikali haidai ada kwa mtoto wa msingi wala wa kidato cha kwanza mpaka cha nne. Najua daftari na sare vinabaki kuwa mzigo. Mzigo huo ndio tutakaoutafutia watu wa kuubeba pamoja nawe.

Nimekuwa mtendaji wa kijiji, kwa hiyo nayasema haya nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza ya anayeomba msaada. Msaada huku kwetu humfikia mtu anayejulikana na kijiji. Masikini asiyeandikwa popote, hata kama dhiki yake inaonekana na kila mpita njia, hupitwa.

Sisi watu wa mpunga tuna shida yetu hapo. Familia inahamia dunguni kulinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe, inakaa huko miezi, na mkutano wa kijiji unafanyika watu wake wako mbali. Majina ya wa kusaidiwa yanapangwa, yanasomwa, yanapitishwa. Mwenye dungu anarudi na magunia yake, kama mto umemwachia, anakuta orodha imefungwa. Wazee wetu nao walipata tabu ya mto na serikali kutopatana: baada ya mafuriko ya 1968 watu wa bondeni walihamishwa kwenda kukaa nyanda za juu, shule na zahanati zikajengwa huko, na mashamba yakabaki chini kulekule. Ndiyo maana mpaka leo Mrufiji ana nyumba mbili na anwani moja tu inayotambulika. Sikwambii uache shamba. Nakwambia kila mkutano wa kitongoji utakapoitwa, awepo mtu wa nyumba yako, hata kama ni bibi mzaa baba, na kila ukihamia shamba mwenyekiti wa kitongoji aelezwe uko upande gani.

Anza kwake huyo mwenyekiti. Mweleze hali yote bila kuficha, pamoja na suala la mumeo. Naijua aibu ya kusema mbele ya watu kwamba mume amekutupa. Isemee ndani ya ofisi ikiwa nje kuna watu wengi, lakini isemwe. Kutoka kwake nenda kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua ya utambulisho, inayotaja idadi ya watoto na ulemavu wa huyo mdogo. Barua hiyo ndiyo utakayoionyesha kila mlango. Ukiombwa chai ili ipigwe muhuri, usibishane wala usitoe. TAKUKURU wanapokea taarifa bila malipo kwa namba 113.

Halafu njoo Kibiti, kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Zamani safari hii ilikuwa mpaka Utete, ng'ambo ya mto, na wengi walikata tamaa njiani. Sasa wilaya iko upande wetu. Wanawake wa mjini wanapowatisha waume zao kwamba watawapeleka ustawi, hawatanii: afisa huyo ana mamlaka ya kumwita baba wa watoto, kuwasikiliza wote wawili na kuandika makubaliano ya matunzo. Baba akikaidi, shauri linaweza kwenda mahakamani chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Nawe mwenyewe bado ni mke, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mume amtunze mkewe. Ukipenda kwanza upande wa dini, BAKWATA wanasuluhisha mambo ya ndoa, na shehe atakwambia vilevile kwamba chakula na nguo za watoto ni juu ya baba. Njoo na cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa au kadi za kliniki, na namba ya simu ya mumeo inayopatikana. Kwa watoto wasio na cheti tutaulizia kwa watu wa RITA siku hiyohiyo.

Habari ya mtoto mchanga nairefusha kidogo, kwa kuwa nimesikia jamaa wanasema ni jicho la watu. Mwombee dua mtoto, dua haikatazi plasta. Miguu kifundo ni ulemavu unaorekebishika, hasa mtoto akiwahishwa akiwa na wiki au miezi michache: mguu unanyooshwa taratibu, unafungwa plasta, plasta inabadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, kisha mtoto anavaa viatu maalumu, baadaye vya usiku tu, kwa miaka. Wengi waliotibiwa hivyo wanatembea na kukimbia. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam inatibu hali hii. Wewe muone kwanza mganga wa zahanati yenu akupe barua ya rufaa, na usisahau kwamba sera ya nchi inamsamehe malipo mtoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali. Gharama itakayokubana ni nauli na pa kulala, na hapo ndipo ndugu wanapokuwa ndugu: binamu zako wako Mbagala, mabasi ya Kibiti yanaishia kwao. Nimekwisha kuzungumza nao, wamekubali. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijijini kwenu naye aambiwe, maana ni yeye atakayekukumbusha viatu vya mtoto ukishachoka.

Utauliza habari ya ruzuku ya TASAF kwa kaya masikini. Jina lako liombewe katika mkutano wa kijiji, na kamati ikija na dodoso jibu ukweli mtupu. Ila uandikishaji haufunguliwi kila siku, na ruzuku yenyewe ni ndogo na ina masharti ya mahudhurio ya shule na kliniki. Kumtoa binti shuleni kungekuharibia hapo pia. Usiweke tumaini lako lote hapo.

Mimi namwamini zaidi jirani. Akina mama wa kwenu wana kikoba. Ingia, hata kwa hisa moja. Tafuta chenye mfuko wa jamii, ule mchango mdogo wa kila kikao unaomsaidia mwanachama akifiwa au akiuguliwa bila kumtoza riba. Kikundi cha wanawake kikisajiliwa vizuri kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba: asilimia 4 ya mapato ya ndani ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ikarejeshwa 2024. Biashara ya kamba mnaijua, msiende kuiga ya watu wa mjini. Na hao wanaokuja na mikopo ya kausha damu, wakikusainisha leo na kukudai kila wiki mpaka wachukue godoro, wafungie mlango kabisa. Nimeona nyumba nyingi zaidi zikivunjika kwa fedha hizo kuliko kwa mafuriko.

Binti naye mweleze yote haya, asidhani anafukuzwa wala anabakizwa kwa huruma. Mfundishe namba 116 aikariri. Ni simu ya watoto, haitozwi, na siku yoyote akitendewa vibaya na mtu yeyote, hata awe wa ukoo wetu, aipige.

Sare na daftari zake za mwaka huu nitazibeba mimi. Nauli yako ya boti na ya gari kutoka Nyamisati nitampa mchuuzi huyuhuyu. Angalia maji ya bamvua, upande mapema, uje na mtoto mchanga na karatasi zote nilizotaja; kwa afisa ustawi tutakwenda pamoja. Huyo mtu wa Dar aliyeahidi kumpokea binti, mpigie leo umwambie haji.

Mjomba wako