Anayeshukuriwa Songea

Ukatoliki wa Songea ulitufunza unyenyekevu kwa mwili kabla ya kutufunza kwa maneno. Tulipokea kwa mikono miwili, tulishusha sauti karibu na nyumba ya mapadre, na katika sala za pamoja tuliwaombea wafadhili ambao hatukuwahi kuwaona, watu wa Ujerumani na Uswisi waliotoa pesa za bati, dawa na vitabu. Adabu hiyo haina ubaya. Mngoni na Mmatengo walikuwa nayo kabla mmisionari hajatia mguu. Ila shukrani ya wakati ule ilikuwa na anwani, na anwani yenyewe mara nyingi haikuwa mbinguni, ilikuwa Ulaya. Tukizungumzia mabadiliko ya dini mkoani Ruvuma tunapenda kutaja misa iliyohama kutoka Kilatini kwenda Kiswahili, ngoma zilizoingia kanisani, parokia zilizoongezeka. Yote kweli. Kwangu mimi badiliko kubwa zaidi ni la nani anashukuriwa, na kwa sababu hiyo unyenyekevu nao umebadilika, maana aliyezoea kupokea sasa anatoa.

Chanzo cha shukrani ile ya zamani kina machungu. Wabenediktini wa St. Ottilien, wakiongozwa na Padre Cassian Spiss, walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, na mwaka uliofuata wakafika Kigonsera. Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905, Spiss alikuwa ameshakuwa askofu. Aliuawa Agosti akiwa safarini upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Septemba Peramiho ikachomwa moto. Serikali ya Kijerumani ilijibu kwa bunduki, kisha kwa njaa, kwa kuteketeza maghala na mashamba makusudi. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa Songea, na wengi wao walibatizwa na Padre Johannes Häfliger kabla ya kupelekwa kwenye kamba. Misheni ikajengwa upya, na watu wakamiminika kwenye mafundisho ya dini. Mtu aliyepoteza ndugu, mifugo na mbegu, akalishwa na watu wa upande ule ule uliomchomea ghala, atashukuru vipi? Kushukuru atashukuru, kwa kuwa yu hai. Lakini ndani ya shukrani yake mna woga, na kuinama kwake ni kuinama kwa mtu aliyeshindwa vita. Urithi huo uliingia katekisimuni kimyakimya, ukapewa jina zuri.

Atakayesema naikosea haki misheni ana hoja. Hospitali ya Peramiho imeokoa watu wa kila dini kwa miongo mingi, na karakana zake zimetoa maseremala, waashi, mafundi chuma na wachapaji waliotawanyika kusini yote. Watawa waliokuja vijana walizeekea pale na wamezikwa pale pale. Binadamu aliyekutendea wema anastahili kushukuriwa. Yesu mwenyewe aliuliza wako wapi wale tisa wenye ukoma. Ila tuiangalie habari hiyo vizuri: yule Msamaria mmoja alirudi akimtukuza Mungu, kisha akaambiwa ainuke aende zake. Hakuwekwa pale awe mshukuru wa kudumu. Shukrani inayomwacha mtu chini miaka nenda rudi, mtoto wake chini, mjukuu wake chini, imeharibika mahali fulani, hata kama mtoaji alikuwa mtu mwema kabisa.

La kushangaza ni kwamba dawa ya ugonjwa huo ilikuwa ndani ya misheni yenyewe. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo watawa wa Peramiho wanaifuata, ina sura nzima ya saba kuhusu unyenyekevu, ngazi kumi na mbili. Sisi tulisikia zaidi zile ngazi za kutii na kunyamaza. Sura ya 48 ya Kanuni hiyo hiyo inasema, kwa maana, kwamba watawa wanakuwa watawa kweli wanapoishi kwa kazi ya mikono yao. Sala na Kazi. Benedikto hakuona mgongano kati ya kumtegemea Mungu na kujilisha. Mtawa aliyejivuna na mtawa aliyekula jasho la wengine walikuwa kwake na kasoro inayofanana. Wapo wanaodhani kwamba mtu anayemtegemea Mungu sharti awe hana kitu mkononi. Peramiho, yenye mashamba, mashine ya kusaga na kiwanda cha uchapaji, ilikuwa inafundisha kinyume chake kila siku ya kazi, na somo hilo liliingia kwa mikono ya wanagenzi kuliko kwa masikio ya waumini.

Kisha siasa ikaingia ikiwa na neno lake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilihimiza kujitegemea, na mwandishi wake mkuu alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku. Songea ilikuwa imetangulia hata kabla ya Azimio: Litowa, wakulima walikuwa wakiishi na kulima pamoja tangu mwaka 1960, na vijiji vyao vikaungana chini ya Chama cha Maendeleo Ruvuma mpaka kilipopigwa marufuku Septemba 1969. Mwaka huo huo Jimbo la Songea likaundwa na James Komba akawa askofu wake. Sisemi matukio hayo mawili yalihusiana. Nasema yalituachia swali moja: taifa linaambiwa lijitegemee, Kanisa linaambiwa limtegemee Mungu, je, mkulima mmoja anaweza kuyabeba yote mawili? Baadhi ya wahubiri waliona neno la serikali lina harufu ya kiburi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 8, linaonya hasa juu ya mtu anayeshiba halafu akasema moyoni kwamba nguvu zake ndizo zilizompatia utajiri. Lakini onyo hilo linamhusu mtu aliyelima na kuvuna. Asiyelima halimgusi, maana hana cha kujivunia wala cha kushukuria.

Mabadiliko yenyewe yalikuja kwa njia isiyo na makeke. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki walifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa uchungaji, na nyumba kumi au kumi na tano za mtaa mmoja zikaanza kuhesabiana mahitaji: nani mgonjwa, nani hana mbegu, kigango kinadaiwa nini. Wakati huo huo Ruvuma ikawa miongoni mwa mikoa minne ya nyanda za juu kusini iliyolisha nchi mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Mbolea ya ruzuku ilifika, bei ilikuwa moja nchi nzima, na barabara ya kutoka Makambako ikawekwa lami. Watu waliokuwa wanaombewa chakula wakawa na magunia. Misa ya mavuno, baada ya mahindi kukauka na kupukuchuliwa, ndiyo inayoonyesha kilichotokea. Maandamano ya vipaji yanatoka mlangoni kwa mwendo wa ngoma: gunia lililoshonwa mdomo kwa kamba ya katani limebebwa na vijana wawili, nyuma yake madebe ya maharage, mikungu ya ndizi, kuku aliyefungwa miguu anayekodoa macho kichwani kwa mama mmoja. Nje ya kanisa katibu wa jumuiya ana daftari na kalamu. Misa ikiisha mnada unaanza, na kuku yule yule anaweza kununuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena, kanisa zima likicheka. Pesa ile inalipa katekista, inaezeka kigango, inamsomesha mseminari. Hapo hakuna mfadhili wa kuombewa. Anayetajwa ni Mungu na mvua yake.

Mfano mkubwa zaidi umo mtoni. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, shirika la wanawake wa hapa hapa, walijenga mtambo wa kufua umeme wa megawati 5 kwenye mto Ruvuma, huko Tulila, wakawauzia TANESCO umeme kwa ajili ya Songea wakati mji ulikuwa bado unaishi kwa jenereta za dizeli na gridi ya taifa haijafika. Msaada wa nje ulikuwapo, wa fedha na wa utaalamu, na hawakuuficha. Lakini tazama mwelekeo wa kitu kinachotolewa: wanawake walioweka nadhiri ya ufukara wamewawashia taa maofisa, wafanyabiashara na misikiti. Anayewaona masista hao wakiinama kanisani na kudhani ni watu wanyonge hajui bili yake ya umeme ilipitia wapi.

Na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Makumbusho ya Maji Maji hapo Songea, akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi walionyongwa mwaka 1906, ambaye ndugu zake wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Wapo waliosema maneno matupu hayarudishi fuvu, na ni kweli hayarudishi. Lakini kwa mada hii siku ile ina uzito: kwa zaidi ya karne moja kuinama kulikuwa kazi ya upande mmoja. Sura ya 26 ya Kumbukumbu la Torati inamwagiza mwenye kuleta malimbuko asimulie kwanza mateso ya Misri, ndipo aweke kikapu chini. Mavuno ya Songea nayo yana haki ya kusimuliwa pamoja na mwaka 1906. Anayetutaka tusahau ndipo tushukuru hajasoma sura hiyo.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wakulima wenyewe. Mahindi yanalimwa kwa mbolea, mbolea ina bei, na mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje, watu wa Ruvuma walibaki na maghala yaliyojaa na mifuko mitupu. Kumwambia mtu huyo amshukuru Mungu kwa mavuno mema si kumfunga mdomo? Ni kumfunga, ikiwa shukrani imegeuzwa kuwa jibu la kila lalamiko. Mvua ni ya Mungu. Bei, vizuizi vya mipakani, lumbesa na mbolea inayochelewa ni vya watu wenye ofisi na majina ya vyeo. Zaburi zimejaa vilio vilivyowekwa bega kwa bega na sifa, wala hakuna aliyewaita watunzi wake watovu wa shukrani. Mkristo anaweza kupeleka gunia altareni Jumapili, na Jumatatu akaenda kudai malipo yake kwenye kituo cha ununuzi bila kushusha sauti.

Ninachokiogopa zaidi ni mafanikio yetu. Mtoaji naye ana mitego yake, na Luka katika sura ya 18 ameueleza mmoja ambao tunaupita haraka: Farisayo yule hekaluni alianza sala yake kwa kushukuru. Alishukuru kwa kuwa hakuwa kama wengine, akataja na zaka zake. Siku hizi yanahubiriwa mafundisho kwamba sadaka ni mbegu na Mungu anadaiwa mazao, na hata katika parokia zetu za zamani kuna mtindo wa kusoma madhabahuni jina la kila mtu na kiasi alichotoa. Wanaoutetea wanasema unaleta uwazi na unawaamsha wazito. Uwazi ni haki ya waumini, kwa hiyo mapato na matumizi yasomwe, jumuiya kwa jumuiya, mpaka senti ya mwisho. Majina yabaki kwenye daftari la katibu. Mjane aliyeleta nusu debe asikae kwenye benchi akingoja zamu yake kusomwa baada ya mwenye lori.