Hesabu ya Abiria

Maneno ya safari yana asili zake, na asili hizo mara nyingi hufundisha. Neno abiria limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuvuka. Abiria, basi, ni mvukaji. Na ni pahali pachache jina hili linapowafaa watu kama kandokando ya Ziwa Victoria, ambako kwenda Ukerewe, Bukoba au Sengerema kwa miaka mingi kulikuwa ni kuvuka maji. Lakini neno hili lina tabia moja ambayo huwaonyesha wanafunzi wangu: halibadili umbo katika umoja wala wingi. Mtu mmoja ni abiria, na watu elfu ni abiria. Kwa sarufi hilo si dosari. Kwa usafiri, neno lisilotenga mmoja na elfu lahitaji msaada wa kalamu, na insha hii ni juu ya kalamu hiyo.

Desturi yetu ni kusifu chombo kwa mashine yake, mwendo wake na ukubwa wake. Sifa hizo ni za haki, lakini historia ya ziwa hili yaonyesha kuwa msingi wa kila chombo kipya ulikuwa hesabu. Mwaka 1900 meli ndogo, SS William Mackinnon, ilishushwa majini Kisumu. Iliundwa Uskoti, ikafunguliwa, ikasafirishwa hadi Mombasa, kisha vipande vyake vikapandishwa bara, vingine vikibebwa na wapagazi kwa kuwa reli ilikuwa haijafika ziwani. Njia hiyo ya kuunda, kufungua na kuunga tena ilitumika kwa meli nyingi zilizofuata, hata MV Victoria iliyoanza kazi mwaka 1961. Siri yake ni alama. Kila kipande kilitiwa alama kabla ya kufunguliwa, ili fundi aliye ziwani ajue pahali pake. Kipande kikipotea njiani, ilijulikana kuwa kimepotea, na ilijulikana ni kipi.

Hivyo ndivyo chuma kilivyohesabiwa. Mtu hakupata heshima hiyo kila mara.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka na hatimaye ikazama, nayo imekwisha kuikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Kwa hiyo idadi ya waliokufa hutajwa hadi leo kwa kukadiria, na yapo makadirio yanayozidi 800. Wenye nauli kubwa waliingia katika maji wakiwa na majina; wenye nauli ndogo waliingia bila kitu, kana kwamba hawakupata kupanda.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Mtaani kwetu alikuwapo mama mmoja ambaye ndugu yake alikuwa anatazamiwa kuja na ndizi kutoka Bukoba. Jina lake halikuonekana katika karatasi, wala mwili wake haukuonekana. Yamkini alipanda, yamkini aliahirisha safari. Wazee walishindwa kuamua. Katika lugha yetu matanga ni ya jahazi, na matanga ni ya msiba. Ya msiba huwekwa na kisha huanuliwa, ili walio hai warudi katika kazi zao. Mama yule hakuweza kuyaanua, maana hakuwa na hakika kama alipasa kuyaweka. Kila nipitapo kwenye makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa siku ile, humfikiria yeye kuliko ninavyowafikiria waliozikwa. Wao wana kaburi. Yeye alikuwa na swali.

Mtu asidhani kuwa hesabu ni kazi ya karani tu, ya kusaidia baada ya msiba. Chombo husimama wima majini kwa usawa wa uzito. Mzigo ukikaa chini, chombo kikiinama hurudi. Uzito ukizidi juu, chombo kikiinama huendelea kuinama. Abiria ni mzigo wenye miguu: husimama kwa pamoja, hukimbilia upande mmoja, hupanda sitaha ya juu kutazama nchi kavu. Kwa hiyo karani anayesimama penye ngazi ya kupandia na kusema "basi, imetosha" anafanya kazi ileile ya fundi aliyechora meli. Akinyamaza, mchoro wa fundi umefutwa. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba kikijaa, punje inayozidi haina kosa kuliko wenzake, bali aliyeshika kibaba.

Tarehe 20 Septemba 2018 somo hilo lilirudi. Kivuko cha MV Nyerere, kilichoundwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, kikitoka Bugolora siku ya gulio. Waliokufa walizidi 220. Ilielezwa siku zile kwamba mkata tiketi alikufa pamoja na wenzake, na mashine iliyohifadhi hesabu ya tiketi ilipotea majini. Tazama jambo hili kwa utulivu. Mashine ilikuwako, ufundi mpya ulikuwako, lakini hesabu ilipanda chomboni pamoja na waliohesabiwa, ikazama nao. Wafanyabiashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lililofungiwa ndani ya mali hiyohiyo halina faida kubwa kuliko kutokuwa na daftari.

Sasa tumepata daraja. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza. Nimeingoja feri pale mara nyingi, pengine kwa saa mbili, miongoni mwa malori, wagonjwa na wauza samaki. Leo gari huvuka kwa dakika chache. Lugha yetu hutumia neno daraja kwa mambo mawili: lile linalounganisha kingo mbili za maji, na lile linalotenga watu kwa nauli. Katika daraja la Kigongo hakuna daraja la tatu. Mwenye baiskeli na mwenye gari la thamani hubebwa na nguzo zilezile. Hilo nalihesabu kuwa jambo lake bora, kupita urefu wake.

Lakini haiwezekani kila kisiwa kijengewe daraja. Ukara, Kome na Maisome zitaendelea kungoja vyombo, na vyombo vyenyewe vinakua: MV Mwanza, iliyoshushwa majini mwaka 2023, imeundwa kwa abiria 1,200. Ukubwa huo ni fahari, na ni dhamana pia. Naomba jambo dogo, lisilohitaji fundi wa mbali: kwamba kabla ya kamba kufunguliwa, majina ya wote, wa daraja la kwanza hadi la mwisho, na watoto wachanga migongoni, yaandikwe mara mbili; orodha moja iende na nahodha, na ya pili ibaki nchi kavu, mkononi mwa mtu asiyesafiri. Chombo kikifika salama, karatasi ile itakuwa haina kazi, na tutashukuru kwa kazi iliyokosekana. Kisipofika, hapatakuwa na mama wa kungoja miaka bila kujua kama aweke matanga.