Safari Yetu ya Kuvua Mto Mara

Likizo hii tunapanga kwenda kuvua Mto Mara, unaotenganisha Tarime na Serengeti, tulale huko usiku mmoja. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti uvuvi umekatazwa, hivyo tutabaki nje ya mpaka wake. Kambare na kamongo wapo. Ningu hupanda mto wakati wa mvua.

Ubishi mkubwa ulikuwa mtumbwi. Wazee walituuliza: mamba na viboko mmewapangia nini? Mtumbwi tukauacha. Tutavua mchana tu, kwenye ukingo ulioinuka. Hema litakaa mbali na njia za viboko, maana usiku hutoka kula majani. Maji ya udhu tutayabeba kutoka nyumbani. Kibla ni kaskazini, kuelekea mashariki kidogo. Mama wa mwenzetu mmoja hajatoa idhini; mpaka aitoe, hatuondoki.